Mgeni Njoo, Timu Ipone

Fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani ya mwaka 2021 ilichezwa Indianapolis Jumatatu usiku. Huku kwetu ilikuwa Jumanne alfajiri, saa kumi imeshapita. Gonzaga waliingia uwanjani wakiwa wameshinda mechi 31 bila kufungwa hata moja. Walibakiza hiyo tu wawe timu ya kwanza ya wanaume kumaliza msimu bila doa tangu Indiana ya mwaka 1976. Baylor wakafunga pointi 9 za mwanzo, Gonzaga hawajapata kitu. Punde si punde ubao ukasoma 29-10. Mechi iliisha 86-70, lakini ilikuwa imeamuliwa mapema zaidi ya hapo.

Jared Butler alifunga 22, akatoa asisti 7 na kutangazwa mchezaji bora wa Timu Nne za Mwisho. Alistahili. Ila urudie mkanda wa mechi ile ukimwangalia mtu mmoja tu, yule wa jezi namba 45, hasa pale Baylor wasipokuwa na mpira. Huyo ni Davion Mitchell. Anainama mpaka unadhani amekalia kigoda kisichoonekana. Miguu haipishani, anaiburuza pembeni, hatua fupifupi. Kifua chake kiko mbele ya kifua cha mwenye mpira, na viganja ameviweka wazi ili mwamuzi aone kwamba hashiki mtu. Mwenye mpira akibadilisha mkono, Mitchell keshahama. Hakufika mita 1.9, na kwa kikapu cha kiwango kile hicho ni kimo cha kawaida kabisa. Walimpa jina la utani "Off Night", yaani usiku ambao mkono unakukatalia, kwa sababu wengi waliokutana naye waliupata usiku huo.

Mitchell hakuanzia Baylor. Mwaka wake wa kwanza aliuchezea Auburn, akiwa nyuma ya walinzi wawili wakubwa kwake, Jared Harper na Bryce Brown, na wastani wake haukufika pointi 4 kwa mechi. Mwaka 2018 akahamia Baylor, huko Waco, Texas. Miaka mitatu baadaye alikuwa na Tuzo ya Naismith ya mkabaji bora wa vyuo vyote nchini na taji la ubingwa. Tangu hapo, kila msimu ukiisha, makocha huingia sokoni wakimtafuta Mitchell wao: mlinzi mgumu, aliyeiva kwingine, anayependa kukaba. Wengi hurudi na mtu wa aina hiyo. Wachache ndio wanaopata kile walichopata Baylor, na nadhani sababu ni kwamba wanakitafuta mahali pasipo pake.

Kwanza tuiweke sawa kazi yenyewe. Kwa Kiswahili wachezaji wa nje, wanaopandisha mpira, tunawaita walinzi, lakini kwa miaka mingi mlinzi anayesifiwa ni yule anayefunga. Na msomaji wa kwetu akisikia ulinzi katika kikapu, anayemjia akilini ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyecheza Chuo Kikuu cha Connecticut, akatwaa tuzo ya mkabaji bora wa ligi ya Big East mara mbili, 2008 na 2009, kisha akawa wa pili kuchaguliwa kwenye drafti ya NBA. Ulinzi wa Thabeet ulionekana kwa macho. Mtu anaruka, mkono mrefu unatokea, mpira unapigwa kofi, uwanja mzima unasimama. Ule ulikuwa ulinzi wa chumba cha ndani. Wa Mitchell ni wa mlangoni: anamkuta mgeni barazani, anamchelewesha kwa maswali, na mgeni akishaingia amechoka na muda umekwenda. Anayefuatilia soka ataelewa haraka zaidi nikimwambia ni kiungo mkabaji, yule ambaye jina lake halitangazwi redioni mpaka siku ya kuumia, ndipo watu wanapojiuliza kwa nini mabeki wa kati wamekuwa wabovu ghafla.

Faida yake inaanzia kwenye saa. Katika kikapu cha vyuo, timu yenye mpira ina sekunde 30 za kutupa. Mlinzi anayepandisha mpira bila bughudha anaanza kupanga shambulizi ikiwa imebaki kama 24. Akiwa na mtu wa kumng'ang'ania tangu nusu ya uwanja, akageuza mgongo kuukinga mpira, akalazimika kutoa pasi na kuuomba tena, anaanza ikiwa imebaki 17 au 16. Mchezo uliochorwa na kocha wake ulikuwa na milango mitatu: huu ukifungwa twende ule, ule ukifungwa twende wa tatu. Sasa upo muda wa mlango mmoja. Mabeki wanne wengine wa timu inayokaba hawajafanya lolote la ajabu, ila wamepunguziwa theluthi moja ya kazi. Mtu anayekaba kwa sekunde 15 hukaba vizuri kuliko anayekaba kwa 25. Zidisha hilo mara sitini na kitu, idadi ya mashambulizi ya mechi moja, ndipo utaelewa kwa nini dakika tano za mwisho miguu ya timu ya namna hii bado ina uhai.

Mtu akiniuliza ulinzi wa mlinzi wa nje unapimwaje, namwonyesha takwimu za fainali ile. Gonzaga hawakutupa vibaya. Walipata asilimia 51 ya mitupo yao na bado wakafungwa kwa tofauti ya pointi 16, huku Baylor wakiwa chini ya asilimia 45. Siri iko kwenye idadi: Baylor walitupa mara 67, Gonzaga 49. Ni mitupo 18 ya ziada. Baadhi ilitokana na ribaundi, maana Baylor waliokota mipira 16 waliyokosa wao wenyewe na Gonzaga 5 tu. Mingine ilitokana na mipira iliyopotea kabla haijawa mtupo wowote. Anayesoma asilimia peke yake atasema ulinzi wa Baylor ulikuwa wa wastani. Mkabaji wa mlangoni kazi yake kubwa ni mtupo ambao haukutupwa, na mtupo huo hauna safu kwenye karatasi ya takwimu.

Kuna mwaka mmoja katika habari ya Mitchell ambao watu huupita mbio, nami ndio ninaouthamini kuliko yote. Alipohama mwaka 2018, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimtaka anayehama akae msimu mzima bila kucheza mechi. Mazoezini aliruhusiwa. Kwa hiyo msimu wa 2018-19 Mitchell alivaa jezi ya mazoezi, na akina Butler wakakutana naye siku baada ya siku. Baylor waliumaliza msimu huo wakiwa wameshinda 20 na kupoteza 14, wakatolewa na Gonzaga hao hao. Auburn, chuo alichokiacha, kilifika Timu Nne za Mwisho mwaka huohuo bila yeye. Mtu mwenye moyo mwepesi angejuta. Msimu uliofuata, Mitchell sasa akicheza, Baylor walishinda 26 na kupoteza 4, katikati yake wakishinda 23 mfululizo, mpaka Korona ilipofuta mashindano ya Machi 2020. Msimu wa ubingwa ukaja na 28 kwa 2.

Si haki kumpa yeye peke yake sifa hiyo. MaCio Teague, aliyetoka UNC Asheville, naye alikaa mwaka uleule akisubiri, na ndiye aliyefunga 19 kwenye fainali. Butler mwenyewe alikua. Lakini yapo mabadiliko ambayo bila mkabaji wa mlangoni yasingewezekana. Kocha Scott Drew, aliyekuwa pale tangu 2003, kwa miaka mingi alijulikana kwa ulinzi wa maeneo, ambapo kila mchezaji hulinda kipande chake cha uwanja. Msimu wa 2019-20 akauweka kando, akaingia ulinzi wa mtu kwa mtu wenye amri moja kubwa: mwenye mpira asipewe katikati. Asukumwe pembeni, kwenye mstari, ambako mstari wenyewe ni mlinzi wa sita. Mpira ukiwa katikati una njia mbili, kulia na kushoto, na wasaidizi hawajui wageukie wapi. Ukiwa pembeni una njia moja, na kila mtu anajua msaada utoke wapi. Ila amri hiyo ni maneno matupu kama yule wa mbele hawezi kumsukuma mtu pembeni kwa miguu yake mwenyewe. Kocha habadilishi falsafa ya miaka kwa kusoma kitabu. Hubadilisha akishamwona mazoezini, kwa mwaka mzima, mtu anayeiweza.

Hapo ndipo ninapoona wengi wanakosea. Wanadhani mkabaji mgeni anaiinua timu kwa kumzima mfungaji wa wapinzani Jumamosi. Anaiinua zaidi Jumanne, kwa kuwanyima starehe wenzake. Mlinzi anayekutana kila siku na mtu asiyempa nafasi hata ya kuvuta pumzi hujifunza kuulinda mpira, hujifunza kutoa pasi mapema, na akikutana na mkabaji wa kawaida anahisi amepewa likizo. Baylor ya 2021 iliongoza nchi nzima kwa asilimia ya mitupo ya pointi tatu, zaidi ya 41. Siamini kwamba hilo halihusiani na walinzi waliozoea kutafuta nafasi mbele ya Mitchell.

Na yeye mwenyewe ilibidi ajifunze jambo. Msimu wake wa kwanza Baylor alipata takriban asilimia 32 tu ya mitupo yake ya mbali. Mwaka uliofuata karibu 45. Tofauti hiyo haikuwa pambo. Mkabaji asiyeweza kutupa hulipiwa na wenzake: beki wa upande wa pili anamwacha peke yake, anakwenda kusongamana chini ya kikapu, na nafasi ya senta wako imekwisha. Kocha analazimika kuchagua, ama nimweke ili tusifungwe, ama nimtoe ili tufunge, na timu inayochagua kila dakika mbili huchanganyikiwa. Katika nusu fainali dhidi ya Houston, Mitchell alifunga 12 na kutoa asisti 11. Baylor walikwenda mapumziko wakiongoza 45-20, wakamaliza 78-59. Anayewasajili wakabaji kwa sifa ya kukaba peke yake aitazame mechi hiyo kwanza.

Mtu atanijibu kwamba mwaka wa kukaa benchi si lazima, na atanitajia Matt Mooney. Ana hoja. Mooney alianzia chuo cha Jeshi la Anga, akaenda South Dakota, na alipokwishahitimu akahamia Texas Tech kwa msimu mmoja tu, 2018-19, akicheza moja kwa moja kwa kuwa waliohitimu waliruhusiwa. Timu ile, iliyokuwa na ulinzi uleule wa kumnyima mtu katikati, iliwabana Michigan hadi pointi 44, ikaitoa Gonzaga, kisha ikaizuia Michigan State kwa 51 katika nusu fainali. Usiku huo Mooney alifunga 22. Wakafika fainali na kushindwa na Virginia 85-77 baada ya muda wa nyongeza. Wachezaji wawili bora wa kikosi cha mwaka uliotangulia, Keenan Evans na Zhaire Smith, walikuwa wameshaondoka. Mgeni wa mwaka mmoja alikaa pale kana kwamba amezaliwa pale.

Tofauti ni kwamba Mooney alikuta nyumba imeshajengwa. Ulinzi wa Texas Tech ulikuwa na amri chache, kali, zilizorudiwa mpaka zikawa damu, na nyuma yake alisimama mgeni mwingine, Tariq Owens kutoka St. John's, mrefu na fundi wa kupiga mipira kofi. Kumkaba mtu kifua kwa kifua ni kujiweka rehani, maana ukipitwa umepitwa kweli. Mkabaji hujitoa hivyo akijua kuna mtu nyuma. Mooney alikuwa na Owens. Mitchell alikuwa na Mark Vital, na Jonathan Tchamwa Tchatchoua, Mkameruni aliyehamia kutoka UNLV. Mkabaji huyohuyo mpeleke kwenye timu ambayo senta wake hasogei, na baada ya mechi nne utamwona anarudi nyuma hatua moja, kisha mbili. Hajapoteza kipaji. Amejifunza kwamba hakuna wa kumfichia kosa.

Kwa hiyo njia ni mbili: ama mgeni apewe muda wa kuiambukiza timu, ama akute timu iliyokwisha kuambukizwa. Ile ya kwanza sasa imezibwa karibu yote. Aprili 2021, wiki chache baada ya ushindi wa Baylor, NCAA iliruhusu kila mchezaji ahame mara moja na kucheza bila kusubiri, na Aprili 2024 ikaondoa hata kikomo cha mara ngapi. Katikati, Julai 2021, wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Silaumu hata kidogo. Kijana aliyekuwa akifungiwa mwaka mzima huku kocha wake akihama na kwenda kulipwa kwingine kesho yake alikuwa akidhulumiwa. Lakini kila haki ina kinachoondoka nayo, na hapa kilichoondoka ni ile miezi ya kukaba mazoezini bila presha ya mechi. Soko, nalo, hununua kinachohesabika. Mlinzi mwenye wastani wa pointi 17 ana namba ya kuweka mezani. Aliyewachelewesha wapinzani sekunde saba kila shambulizi hana.

Hata namba inayoonekana kuwa yake, mipira aliyopora, inadanganya. Anayepora miwili kwa mechi anaweza kuwa mcheza kamari anayerusha mkono mara kumi: mara mbili anapata, mara nane anawaacha wenzake wanne wakizima moto. Rick Pitino, aliyeipa Kentucky ubingwa mwaka 1996, kwa miaka mingi amekuwa na hesabu yake tofauti. Anahesabu kila mara mkono wa mkabaji unapougusa mpira wa wapinzani, uwe umeporwa au umebadilishwa njia tu, na lengo lake ni miguso 35 kwa mechi. Hesabu hiyo iko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu inamlipa mtu aliyesimama mahali sahihi hata kama mpira ulirudi kwa mwenyewe. Kwa vijana wetu wanaotuma video zao vyuo vya Marekani kutafuta nafasi, ningewashauri wasijaze dakika zote na mipira ya kudanki. Waweke dakika mbili wakimkaba mtu mmoja uwanja mzima. Kocha mzuri atairudisha nyuma aitazame tena.

Mwaka 2024 lilitokea jambo linaloonyesha jinsi ukabaji unavyobaki hata mkabaji akiondoka. Jamal Shead wa Houston hakuwa wa kuhamia, alilelewa palepale na kocha Kelvin Sampson, na msimu huo alikuwa miongoni mwa wakabaji bora kabisa nchini. Dhidi ya Duke, hatua ya timu 16, akateguka kifundo cha mguu kabla ya mapumziko na hakurudi. Houston walifungwa 54-51. Tazama namba hizo vizuri. Bila mkabaji wao mkuu waliizuia Duke isivuke 54. Kilichokufa ni ushambuliaji, maana Shead ndiye aliyekuwa akiuendesha. Ukabaji ulikuwa umeshahamia miguuni mwa wengine kwa miaka aliyokaa nao, na kuondoka kwake kwa dakika zaidi ya ishirini hakukuufuta. Huo ndio urithi anaoutafuta kocha anayemsajili mgeni, na si rahisi kuuachia timu kwa miezi minane.

Inawezekana, hata hivyo, na fainali ya 2025 pale San Antonio ilinipa moyo. Florida na Houston, timu mbili zenye wahamiaji kikosini. Houston alikuwamo L.J. Cryer, aliyekuwa mwaka wa kwanza kwenye kikosi kile cha Baylor cha akina Mitchell, na usiku huo alifunga 19. Florida walikuwa na Alijah Martin, mlinzi mwenye nguvu na roho ngumu aliyefika Timu Nne za Mwisho na Florida Atlantic mwaka 2023, na Walter Clayton Jr., mfungaji wao mkuu, aliyeanzia Iona chini ya Pitino huyohuyo wa miguso 35. Houston walimfunga Clayton kamba kipindi chote cha kwanza, hakupata pointi hata moja. Florida wakawa nyuma kwa 12 kipindi cha pili. Mechi nzima waliongoza kwa dakika moja hivi tu, na dakika hiyo ilitosha. Mitupo huru miwili ya Martin, zikiwa zimebaki chini ya sekunde 50, iliwapeleka mbele 64-63. Mmoja mwingine ukafanya 65.

Mpira wa mwisho ukawa wa Houston. Emanuel Sharp akaupata mbele ya kikapu, nje ya mstari wa pointi tatu, akapanda kutupa. Clayton alikuwa mbali kidogo, akaja mbio na mkono juu, mfungaji mkuu wa timu anakimbilia kazi ya mkabaji sekunde ya mwisho ya msimu. Sharp alikuwa tayari hewani alipomwona. Kama angetupa, ungezibwa. Kama angetua nao mkononi, lingekuwa kosa la hatua. Akauachia. Mpira ukadunda sakafuni mbele yake, na yeye hakuweza kuugusa tena kwa sheria, akabaki ameinama juu yake kama mtu anayetazama chungu kilichomponyoka. Ukadunda tena. Alex Condon wa Florida akajirusha juu yake, na saa ikaisha. Clayton hakuwa ameugusa mpira ule hata kwa ukucha.